Nimekula Huko Huko

Kwa miaka karibu saba nilikuwa nikifika nyumbani Tabata Kimanga saa mbili au saa tatu usiku, navua viatu mlangoni, mke wangu ananipa pole ya kazi, kisha ananiuliza, "Nikutengee?" Nami namjibu, "Acha tu, nimekula huko huko." Swali la pili halikuwepo. Mwanamume wa Dar anakula huko huko. Asubuhi chai na chapati kijiweni, mchana wali maharage kwa mama ntilie, jioni foleni ya Buguruni ikikaza anashuka kwenye daladala anapata mishkaki miwili barabarani. Hakuna anayejua kwa hakika ameweka nini tumboni kutwa nzima. Chakula chake nyumbani kinafunikwa kawa, asubuhi kinakuwa kiporo, mtoto anakula na chai.

Kuna siku huko huko nilikuwa sijatia kitu mdomoni, hata chai ya rangi. Na kuna siku nilikuwa nimepita vibanda vinne mfululizo, kwenye kila kimoja nikiagiza kama mtu ambaye ndiyo kwanza anakula, na kabla ya kulala vyote vimeshatoka.

Wataalamu wanauita ugonjwa huu bulimia. Mtu anajinyima, anabana, anabana, mpaka inafika saa mwili unadai deni lote kwa mpigo. Anakula kwa pupa na hawezi kusimama hata tumbo likiuma. Halafu hofu inamshika, anajitapisha, na kesho anaanza kubana upya ili afute ya jana. Una ndugu zake: anoreksia, ambayo mtu anajinyima mpaka mwili unakwisha, na ule wa kula kwa pupa usiofuatiwa na kutapika. Nimeambiwa mara nyingi kwamba haya ni maradhi ya wasichana wa Kizungu. Mimi ni karani wa stoo ya vipuri vya magari Gerezani, nina miaka 37, nimezaliwa Magomeni. Na huko huko kwa Wazungu, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2007 ulikuta kwamba katika kila watu wanne waliowahi kuugua anoreksia au bulimia, mmoja hivi ni mwanamume.

Sitaandika kilo zangu, wala jinsi nilivyokuwa nikifanya. Nilipokuwa mgonjwa nilisoma habari za wagonjwa wenzangu nikitafuta humo namba za kushindana nazo. Najua kuna mtu anasoma hapa kwa macho yale yale.

Mama yangu alikuwa akipika vitumbua. Saa kumi alfajiri mkaa umeshawaka uani, na mimi ndiye niliyeonja kitumbua cha kwanza, kile kinachotoka vibaya kwa sababu chuma hakijashika moto sawasawa. "Onja, baba, niambie sukari." Daktari aliponiuliza kumbukumbu yangu ya kwanza ya chakula, ndiyo hii iliyokuja, na nililia palepale kwenye kiti. Haikuwa na hofu yoyote ndani yake. Hofu ilikuja shule ya msingi, nilipopewa jina la Bonge na kuwekwa golini kwa sababu najaza goli. Nilipofika sekondari nilikuwa siingii kuoga mpaka wenzangu wamalize.

Hapa kwetu mwili wa mtu ni salamu. Hujakaa bado, umeshaambiwa umenenepa, umejaa, mambo yamekunyookea. Ukipungua unaulizwa una nini. Wanaosema hivyo wengi wao wanakupenda, najua, na sitaki kuwageuza wabaya. Lakini kwa mtu ambaye kichwani mwake kuna mizani isiyolala, kila salamu ni kipimo. Nilipoanza kunyanyua vyuma kwenye jimu ya mtaani, vile vya makopo yaliyojazwa saruji, na mwili ukaanza kukatika, nilisifiwa kuliko nilivyowahi kusifiwa kwa jambo lolote, hata nilipofaulu kidato cha nne. Sikuweza tena kuachia. Nikaanza kuruka chakula cha mchana, kisha chai ya asubuhi. Usiku mwili ukadai chake.

Nikitazama nyuma, kinachoniuma zaidi ni jinsi mji huu ulivyonipa visingizio vya heshima. Kile kikubwa ni vidonda vya tumbo. Hapa Dar ukisema una vidonda vya tumbo, mjadala umekwisha. Unaruhusiwa kukataa maharage, pilau, soda, chakula cha msibani na cha harusini, na watu wanakuonea huruma na kukutajia dawa za mitishamba. Niliugua vidonda vya tumbo miaka mitano bila kuwa navyo. Cha pili ni sinia. Mkikaa wanaume watano kwenye sinia la pilau, hakuna anayepima tonge za mwenzake. Mkono unakwenda na kurudi, unasogeza nyama upande wa wenzako, na mwisho unaambiwa wewe ni mtu mkarimu. Nimenyanyuka kwenye khitma nyingi nikiwa sijala kitu, na nyuma yangu watu wanasifia malezi yangu.

Cha tatu naona haya kukiandika, lakini nitakiandika. Nilifunga. Ramadhani ilikuwa mwezi wangu wa raha, kwa sababu kutwa nzima hakuna anayeniuliza. Baada ya Ramadhani nikaendelea na sunna za Jumatatu na Alhamisi, kisha nikaongeza nyingine zangu. Mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe amekuwa mcha Mungu. Nilijua nia yangu ilikuwa wapi, na Mwenyezi Mungu alijua. Na jambo moja lilikuwa likinirudia usiku nikiwa nimepiga magoti chooni. Neno kujitapisha nilikuwa nimelisikia mahali pamoja tu maishani mwangu: madrasa Magomeni, tukiwa watoto kwenye mkeka, tukiitikia kwa sauti moja mambo yanayobatilisha saumu. Kula kwa makusudi, kunywa kwa makusudi, kujitapisha kwa makusudi. Wakati ule tulikuwa tukiulizana ni mtu gani atakayejitapisha kwa makusudi.

Mwaka 2019 mdogo wangu alikuwa anaoa. Kamati ikaamua wanaume wa familia tushone suti za rangi moja, nami nikaenda kwa fundi wetu Kariakoo, mzee aliyenishonea suti ya ndoa yangu mwenyewe. Fundi huyu ana kaunta buku nene, jalada limebanduka na kushonwa upya kwa uzi wa cherehani, kila mteja na ukurasa wake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akafungua ukurasa wangu, akatoa futi shingoni akanizungushia kiunoni. Akasoma. Akaivua ile futi, akaivuta kwa mikono miwili kuona kama imejikunja, akanipima tena. Akatazama daftari. Akanipima mara ya tatu, safari hii polepole, vidole vyake vikipita juu ya mkanda wangu, na mkanda ule nilikuwa nimeutoboa matundu mapya kwa msumari. Aliyaona. Nilimwona akiyapapasa kwa kidole gumba, moja, jingine, jingine. Kisha akaandika tarakimu mpya pembeni ya ile ya zamani bila kuikata, akafunga daftari, akainama ili vijana wake wa cherehani wasisikie, akasema, "Mwanangu, umepima?"

Mtu akikuuliza hivyo hapa mjini hana haja ya kumalizia. Mwanamume akikonda, kwanza wanasema kakanyaga miwaya. Vipimo vikikataa, basi ni kifua kikuu, au sukari, au anavuta unga, au kuna mkono wa mtu. Mimi nilikuwa nimepima Ukimwi mara tatu ndani ya miaka miwili, kwa sababu wengine walikuwa wameniaminisha mpaka nikajishuku mwenyewe. Nikamwambia, "Nimepima mzee wangu, niko salama. Ni vidonda vya tumbo tu." Akatikisa kichwa. "Basi jitahidi maziwa, mwanangu." Kila nikipita mtaa ule baada ya hapo alikuwa akiniuliza kama nakunywa maziwa.

Nisieleweke vibaya. Kukonda kule kulikuwa kipindi tu. Mwaka uliofuata mwili ulirudi karibu na pale ulipokuwa, watu wakanipongeza kwamba nimepona vidonda, na ugonjwa ulikuwa mbaya kuliko mwanzo. Wengi wenye bulimia wana mwili wa kawaida au mnene. Ukitafuta mifupa hutamwona mgonjwa.

Nyumba tunayopanga ina wapangaji wanne na choo kimoja uani. Usiku sauti zinasafiri. Mimi nilijidanganya kwamba hazisafiri.

Jumapili moja ya mwaka 2021 mke wangu alikuwa uani anafua, mama mwenye nyumba akamwita pembeni, akamtilia mkononi kifuko cha karatasi. Ndani kulikuwa na ukwaju, ndimu nne, na vipande vya udongo, ule wa wajawazito unaouzwa sokoni. "Hongera, mwanangu," akamwambia. "Tunakusikia usiku. Hata mimi wa kwanza alinisumbua hivyo hivyo. Ukimaliza miezi mitatu itapoa."

Mke wangu hakuwa na mimba. Tulikuwa tukiitafuta kwa mwaka wa tatu, binti yetu akiwa na miaka mitano na ndugu za pande zote mbili wakiuliza. Na aliyekuwa akipelekwa hospitali kupimwa ni yeye. Mara mbili. Mimi sikupimwa, wala hakuna aliyesema nipimwe.

Alimshukuru yule mama, akapokea. Akamaliza kufua, akaanika nguo zote. Kisha akaja chumbani, mimi niko kitandani natazama mpira kwenye simu, akavuta stuli mbele yangu, akatoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga juu yake. Ukwaju. Ndimu. Udongo. "Hivi umeletewa wewe," akasema.

Nikaanza habari ya vidonda. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Ndipo akasema, na sikuwahi kumsikia akitumia sauti ile, "Mume wangu, vidonda vya tumbo nimemuuguza navyo baba yangu. Mtu wa vidonda hali ndoo ya chakula njiani, halafu akaja kufua shati lake mwenyewe usiku wa manane. Nimefunika kombe mwanaharamu apite. Mwaka wa ngapi huu? Hapiti."

Alikuwa anajua. Alikuwa anaona risiti za chipsi mifukoni, alikuwa anajua nikitoka bafuni macho yananiwia mekundu. Alidhani kuna mwanamke, kwamba nakula huko. Kisha akadhani nimelogwa. Alikuwa amebeba yote hayo peke yake, na siku ile tu akapewa hongera ya mimba ambayo ilikuwa ni mimi.

Hata hivyo sikuenda hospitali kwa sababu ya siku ile. Nilimwahidi, nikaacha siku tisa, nikarudia. Nilichofanya ni kuhamishia mambo yangu kazini. Kilichonipeleka ni jino.

Lilivunjika pembe nikila muhogo. Daktari wa meno alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, kliniki ya mtaani tu. Akaingiza kile kioo chao kidogo, akageuza, akatazama nyuma ya meno ya juu ya mbele kwa muda mrefu. Akauliza kama nina kiungulia, nikasema kidogo. Akauliza soda, nikasema kawaida. Akamtuma msaidizi wake nje kwa jambo ambalo nadhani halikuwepo. Akavua barakoa. "Kaka, meno yako kwa mbele ni mazima. Kwa nyuma yamelika, yamekuwa membamba kama kucha. Soda haianzii huko nyuma. Unatapika?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilikuwa nimekwenda hospitali moja mara tatu kwa maumivu ya tumbo, wakanipima choo na damu, wakanipa dawa za vidonda, na kwa mara zote tatu swali hilo halikutoka. Mwanamke mwembamba wa miaka 20 angeulizwa, japo kwa ajili ya mimba. Sijawawekea kinyongo sana, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiingia na jibu langu mkononi. Lakini swali ni neno moja hilo, na lilinipata mdomo ukiwa wazi. Nikasema ndiyo.

Alinieleza kwamba asidi ya tumboni inakula ngozi ngumu ya jino, na kwamba kupiga mswaki papo hapo baada ya kutapika kunazidi kulikwangua, afadhali kusuuza kwa maji. Hakunihubiria. Aliandika barua ya rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili, akaikunja mara mbili kabla ya kunipa.

Barua ile ilikaa kwenye pochi yangu miezi miwili. Mtu wa hapa akisikia kliniki ya akili anawaza hospitali ya Mirembe, anawaza kufungwa kamba. Nilipokwenda nilikuta benchi la watu kama mimi: mama na mwanawe wa chuo, askari, mzee mwenye kanzu safi akisoma gazeti. Daktari alinituma kwanza maabara, halafu kwenye kipimo cha umeme wa moyo, kabla ya mazungumzo yoyote. Sikuelewa mpaka majibu yaliporudi. Potasiamu yangu ilikuwa chini. Kutapika kunamaliza madini hayo mwilini, na moyo hauendi sawasawa bila hayo. Ndiyo ile hali niliyokuwa nikiisikia juu ya ngazi stooni, nimeshika boksi la breki, moyo unaruka pigo moja kisha unarudi kwa kishindo. Nilikuwa nikisema ni uchovu. Akaniambia pole pole, akinitazama, kwamba kuna watu wanaoondoka kwa njia hii wakiwa na sura nzima kama yangu, wamelala tu. Kama kuna jambo moja katika maandishi haya ninalotaka mtu akalifanyie kazi kesho asubuhi, ni hili. Ikiwa unatapika, kapime damu na moyo. Mengine yatafuata.

Nilimuuliza kuhusu mtoto. Alisema mwili wenye njaa unapunguza homoni za uzazi kwa mwanamume vilevile kama kwa mwanamke. Hakusema ndiyo sababu yetu. Nilirudi nyumbani nikamwomba mke wangu msamaha kwa zile safari mbili za hospitali. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso, akasema, "Nimesikia."

Daktari yule alinisimulia habari ya vijana 36. Ilikuwa Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota, vita kuu ya pili inaelekea mwisho, 1944 na 1945. Mtafiti Ancel Keys alitaka kujua jinsi ya kuwalisha watu walioshindishwa njaa na vita, akachukua wanaume 36, wazima, waliokataa kubeba silaha kwa imani zao na kujitolea kwa hiari. Kwa miezi sita wakapewa karibu nusu ya chakula walichozoea. Hakuna aliyewaambia ni wanene. Hawakuwa na shida na miili yao. Lakini njaa ilipokaa, wakaanza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kula tonge moja kwa dakika nyingi, kugombana, kukaa peke yao. Na waliporuhusiwa kula tena, baadhi walikula mpaka wakaugua na bado wakasema wana njaa. Nilimkatiza. Nilimwambia, "Huyo ni mimi." Kwa miaka yote nilikuwa nikijiita mlafi asiye na haya. Ile pupa ya saa mbili usiku ilikuwa njaa ya tangu asubuhi.

Nikawa nasoma kwenye daladala. Mwaka 1689 daktari Mwingereza, Richard Morton, aliandika juu ya wagonjwa wawili waliokonda bila homa wala kikohozi, maelezo yanayohesabiwa kuwa ya mwanzo kabisa ya anoreksia katika vitabu vya tiba. Mmoja alikuwa msichana. Wa pili alikuwa kijana wa kiume wa miaka 16, mtoto wa mchungaji. Morton alimshauri aache masomo kwa muda, aende shamba kwenye hewa safi, apande farasi, na anywe maziwa. Niliposoma hapo nilimkumbuka fundi wangu wa Kariakoo, na nilisikia kitu kooni. Zaidi ya miaka mia tatu tumekuwepo kwenye kumbukumbu, ukurasa mmoja na wasichana. Halafu tukasahauliwa kiasi kwamba mwongozo wa Wamarekani wa kutambua magonjwa ya akili, unaotumika nchi nyingi, ulikuwa na kigezo cha kukosa hedhi kwa mgonjwa wa anoreksia, mpaka kikaondolewa mwaka 2013.

Aliyenisaidia zaidi ni John Prescott, mtu ambaye hatukufanana kwa lolote. Alikuwa baharia, akahudumia abiria melini, akapanda mpaka kuwa Naibu Waziri Mkuu wa Uingereza kwa miaka 10. Mtu mnene, mkali, aliyewahi kumpiga ngumi mwananchi aliyemtupia yai. Mwaka 2008, akiwa na miaka 69, alisema hadharani kwamba aliugua bulimia kwa miaka mingi. Wako waliocheka, kwa sababu hakuwa na umbo la mgonjwa. Nilitazama picha yake, shingo nene, tai imembana, nikaona mjomba yeyote wa Magomeni.

Tiba yenyewe ilikuwa ya mazungumzo, mara moja kwa wiki, na kaunta buku langu mwenyewe ninaloandika nimekula nini, wapi, na nilikuwa na hali gani. Msingi wake ni saa. Chai saa moja asubuhi, kitu kidogo saa nne, chakula saa saba, kitu kidogo saa kumi, chakula cha usiku saa mbili nyumbani. Njaa ipo au haipo. Na siku nikianguka, mlo unaofuata hauondolewi. Hapo ndipo penye vita. Usiku umejishindilia na kutapika, na saa moja asubuhi unatakiwa ukae unywe chai na chapati kama mtu asiye na deni. Wiki za mwanzo tumbo lilijaa hewa, miguu ilivimba, nilijiona naumuka kama unga wa maandazi. Nililala nikiwa na hakika kwamba daktari ameniharibu. Baada ya mwezi wa tatu hivi nikagundua kwamba sijapita vibanda vya Buguruni siku kumi na moja. Sikuwa nimejizuia. Sikuwa na njaa tu.

Mke wangu naye alibadilisha swali. Haulizi tena "umekula?" Anauliza, "Umekula nini leo, na nani?" La kwanza unaliongopea kwa neno moja. La pili linataka hadithi, na hadithi ya uongo inachosha.

Ramadhani ya kwanza ya matibabu daktari alinikataza kufunga. Nilimwendea ustadhi wangu wa zamani nikiwa na hakika ataniambia nivumilie. Nilimweleza kila kitu, hata zile sunna. Akakaa kimya, akanisomea aya ya 184 ya Suratul Baqara, kwamba aliye mgonjwa au safarini ana hesabu yake katika siku nyingine. Akasema, "Umefunga miaka mingi kwa ajili ya mwili. Mwaka huu kula kwa ajili ya Mungu." Kula mchana wa Ramadhani, nyuma ya pazia la stoo, huku wenzangu wamefunga, ndiyo ibada nzito kuliko zote nilizowahi kufanya. Mama sikumwambia mpaka Idi.

Nimerudia mara mbili tangu wakati ule. Mara ya mwisho ni baada ya kuzika baba mkwe, na ni mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita. Mtoto wa pili hajaja. Meno ya mbele mawili yametengenezwa, mengine tunayalinda.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya Jumamosi iliyopita. Jimu naenda bado, mara mbili kwa wiki, kwa ruhusa. Kuna kijana mmoja pale, hajafika miaka 22, mwili umekatika kila upande, kila mtu anamsifu. Alikuwa amekaa kwenye benchi ameshika kichwa, kizunguzungu. Wenzake wanampa maji. Akasema, "Vidonda vya tumbo vinanisumbua." Nikaona vifundo vya vidole vyake, viwili vina sugu, na sugu hizo nilikuwa nazo mimi. Nikangoja wenzake waondoke. Nikakaa pembeni yake, nikamuuliza lile neno moja.

Alitazama sakafu. Muziki ulikuwa juu, nikadhani hajasikia. Halafu akasema, "Kaka, nani amekwambia?"

Jumanne tulikwenda wote maabara. Alhamisi, yaani leo, anarudi kwa majibu na ameniomba nimsindikize, bosi ameshaniruhusu nitoke saa kumi na nusu. Sasa hivi ni saa kumi kasoro, mama wa mihogo ameshaweka beseni lake chini pale nje, na nikichelewa atabakiza vipande vya pembeni vilivyokauka. Ngoja nikale kwanza.